Alama za Bingwa

Kinyozi alijipa mwenyewe jina la Bingwa, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake katika kulitumia. Ubingwa wenyewe haukuwa wa mkasi. Ulikuwa wa mashine ya gololi iliyosimama kwenye kona ya saluni yake, kuukuu, yenye kioo kilichochorwa mwanamke anayecheka juu ya farasi wa miguu mitano, na tumboni ina nyaya nyingi kuliko nywele za sakafuni.

Wateja waliicheza wakingoja zamu. Unavuta springi, gololi inaruka juu, nguzo fupi zenye taa zinaipiga huku na huku, kengele zinalia, na wewe unaikinga kwa vikono viwili isidumbukie shimoni. Ukiitikisa mashine kwa hasira, ndani mna timazi inayoning'inia katikati ya pete. Ikigusa pete tu, taa zinazimika na mchezo umekwisha. Kwa kweli mashine ile ilikuwa na adabu kuliko waliokuwa wakiicheza.

Kasoro yake ni kwamba haikuwa na kumbukumbu. Alama zilihesabiwa na magurudumu ya namba nyuma ya kioo, nayo yalibaki pale yaliposimama mpaka mtu mwingine abonyeze kitufe cha kuanzia. Hapo yanarudi sifuri, ka-ka-ka, na bingwa wa jana anakuwa mtu wa kawaida.

Basi asubuhi moja, kabla ya mteja wa kwanza, Bingwa akapata elfu tisa mia nane sabini. Alitoka mbio barabarani na taulo shingoni, akarudi, akabandika plasta juu ya kitufe na kuandika bango: IMEHARIBIKA. Kisha akashinda akiwaonyesha watu jinsi ilivyo nzima.

"Nilikuwa peke yangu!" alimsimulia kila aliyekaa kwenye kiti, na mtu aliye chini ya wembe hana ujanja. "Hapakuwa na hata mtu mmoja wa kushuhudia!"

Mkewe, ambaye hufua taulo na kufagia nywele mle mle saluni, alikunja taulo akachukua jingine.

Wateja wakaanza kuhamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakuwa na mashine, lakini hakuwa na hadithi pia. Aliyemmaliza kabisa ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi redio. Alichungulia kioo, akajikuna kidevu.

"Shem, haya magurudumu si unafungua tu kioo unayazungusha kwa kidole?"

Watu walivunjika mbavu.

"Unaniita mwongo ndani ya saluni yangu, shem?"

"Mimi nimekuita? Cheza tena basi, tuone."

Hapo ndipo alipokwama. Akicheza, ushahidi unafutika. Asipocheza, ni mwongo. Alizunguka na jambo hilo kichwani hadi akamnyoa mteja ndevu alizokuwa akizifuga.

Jumamosi saluni ilijaa watu ambao hawakuja kunyolewa. Bingwa alibandua plasta, akabonyeza. Ka-ka-ka. Alama zake zote zikarudi sifuri, na roho ikamuuma kama aliyefiwa. Gololi ya kwanza ilitumbukia bila hata salamu. Ya pili ilipoelekea huko huko, aliisukuma mashine kwa nyonga. Timazi ikagusa pete, taa zikazimika. Mia moja arobaini.

"Haya, tupishe na sisi," mtu mmoja akasema, na baada ya kicheko foleni ikapangwa. Hakuna aliyemtazama tena.

Bingwa alijibwaga kwenye kiti cha wateja. Mkewe akamletea taulo ajifute jasho.

"Zilikuwa elfu tisa mia nane sabini," alimwambia kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, mke wangu."

"Najua. Gololi ya mwisho ilivyoipiga ile nguzo ya kushoto, nikadhani taa itapasuka. Nilikuwa hapo mlangoni na ufagio."

Bingwa alitoa macho. "Ulikuwepo? Na muda wote huu umenyamaza?"

"Si ulisema hapakuwa na hata mtu mmoja?" mkewe akasema, akachukua ufagio.