Biriani ya Mnyaa

Mkisikia mtu wa Ukunda ananiuliza kama biriani imeiva, msicheke, kwanza nisikilizeni, ingawa hata kuandika kisa hiki uso unaniwaka.

Ilikuwa siku ya maonyesho ya sayansi shuleni. Mradi wangu ulikuwa kuoka mnyaa, ule mmea wa uani usiojali ukame, ndani ya chombo kisichoingiza hewa, mvuke wake upite kwenye mrija, upoe chupani uwe mafuta ya kuwashia taa. Koroboi ikiwaka kwa mafuta hayo, mwalimu wa fizikia alisema, ningekwenda mashindano ya Kwale. Isipowaka, basi.

Asubuhi nikakuta kopo langu limetobolewa na kutu, nami (kwa haya zangu za kushindwa kumwambia mwalimu) nikachukua sufuria ya biriani ya shangazi bila kuomba, nikaenda nayo shuleni, nikaijaza vijiti vya mnyaa, nikapenyeza mrija ukingoni, nikaziba mfuniko kwa unga uliokandwa kama azibavyo yeye, nikapalia makaa juu, nikajiona mtaalamu. Sasa niambieni, sufuria ya namna hiyo mtu wa pwani ataidhani nini?

Akanijia mgeni rasmi, mzee mnene mwenye kanzu nyeupe pe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mashallah! Ya kuku au ya mbuzi?"

Hapo ndipo ningesema ni mnyaa. Lakini mtu akikukuta jikoni unamwambiaje? Ulimi ukajisemea wenyewe: "Karibu, baba."

Akavuta kiti! Akaita na wenziwe! Kila nilipofungua kinywa ananiwahi: "Usiharakishe, mwanangu, acha iive."

Kumbe vijiti vingine vilikuwa vibichi, mvuke ukawa mwingi kuliko mrija ulivyoweza kupitisha, donge la unga likafyatuka, pu! likamganda mzee kifuani, na moshi wa mnyaa (mnajua unavyowasha macho) ukatutoa machozi sote.

"Mwanangu," akapiga kelele, "pilipili gani hii umetia?"

Chupani mlikuwa na maji machafu na matone meusi. Mwalimu alichovya utambi, ukatoa cheche, ukazima. Kwale akaenda mwenzangu aliyetengeneza sabuni.

Na shangazi je? "Sufuria yangu ya Idi, we Mwanasha! Nani atakula humo tena?" Kila jioni ananisuguisha kwa mchanga, na harufu haitoki.

Nitajaribu tena, kwa vijiti vikavu na kopo zima. Lakini naapa, mtu yeyote akinikuta motoni, hata awe nani, nitamwambia "hakiliwi hiki" kabla hata ya shikamoo.