Marehemu Angeudaka

Baba yangu alikuwa na timu ya mpira wa kikapu ambayo haikupata kufungwa hata siku moja, na sababu ni kwamba haikupata kucheza. Ilikuwa timu ya mdomoni. Ilikutana barazani kwetu, Gongoni mjini Tabora, kila Jumapili baada ya misa, na wachezaji wake wote walikuwa watu wa zamani: kama si wazee, basi wafu.

Wenye timu walikuwa watatu. Wa kwanza baba mwenyewe, karani wa mizigo pale stesheni, aliyefundishwa kikapu ujanani na padri mmoja Mholanzi. Padri huyo aligongomea pete ya pipa kwenye nguzo nyuma ya misheni, akawaambia vijana warushe, na baba tangu hapo hakurudi tena kwenye akili ya kawaida. Wa pili alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa Mtendeni, mfupi, mwepesi, na mwenye kuapa wallahi kwa kila pasi aliyowahi kutoa maishani. Wa tatu alikuwa tarishi mstaafu wa posta. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa ya kubisha.

Redio ikishatangaza matokeo ya klabu za Dar es Salaam, kazi ilianza. Hawakujali nani kashinda. Walichojali ni nani aongezwe.

"Hawa wanakosa mtu wa kati," baba alisema huku akipuliza kahawa. "Wakimpata marehemu pale kati, nani atapita?"

"Wallahi hapiti mtu," alijibu mwenye duka. "Ule mpira wa mwisho waliofungwa, marehemu angeudaka."

"Angeudaka," alisema tarishi, "lakini angemkanyaga mtu."

Wakisema marehemu bila kutaja ni marehemu gani, ujue ni mmoja tu, yule mpiga kengele wa kanisa aliyecheza nao zamani. Mimi nilimkuta hai nikiwa mtoto. Alikuwa mrefu, sikatai, mrefu wa kuinama mlangoni. Ila kila mwaka aliokaa kaburini aliongezeka urefu. Tulipopata uhuru, alikuwa anagusa pete. Watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, alikuwa anagusa juu ya ubao. Na nilipoanza kazi ya ualimu, jamani, marehemu alikuwa anainamia kikapu kutokea juu, kuhakikisha mpira umeingia vizuri.

Ningecheka kama wengine, lakini mimi nilikuwa mchezaji. Tena si mchezaji tu, nilikuwa nahodha wa timu ya wanawake ya mji. Tulikuwa manesi, walimu, mpiga chapa mmoja wa ofisi ya mkoa, na mke wa askari magereza ambaye mumewe alikuja mazoezini kutulinda, sijui dhidi ya nini. Mpira wetu ulikuwa mmoja, na ulishonwa mara nyingi na fundi viatu hadi ukawa unadunda upande. Tuliuzoea. Wageni ndio walihangaika nao.

Na hapa niseme wazi kilichokuwa kinaniuma. Sikutaka kombe wala cheti. Nilitaka Jumapili moja baba aniweke kwenye ile timu yake. Timu ya uongo, ndiyo, ya wazee na maiti, lakini ndiyo timu pekee aliyoiheshimu. Siku moja nilijikaza nikauliza: "Na mimi, baba, mngeniweka nafasi gani?"

Walitazamana. Baba akasema kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionimaliza: "Wewe mwanangu utatuletea maji."

"Maji ni muhimu sana, binti," mwenye duka alidakia kwa moyo mwema.

Nikabamiza birika chini, kifuniko kikaruka hadi uani. Sukari ilikuwa imeadimika siku zile, wazee walikuwa wakinywa kahawa kwa asali kutoka Goweko, na asali ile niliondoka nayo. Wakanywe kahawa chungu wote watatu.

Basi mwaka huo tukapangiwa mechi na wanawake wa Dodoma, kwetu Tabora, mshindi aende Dar es Salaam. Kocha wao alikuwa Mgogo, mwembamba, mwenye kicheko cha kusikika behewa la pili. Asiyejua mambo yetu aelewe kwamba Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita Ugogo wamejitwika pembe za ndovu wakienda pwani, na Wagogo wakawatoza ushuru kwa kila tone la maji. Ugomvi ule ukageuka utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akachukua hata kuku wako bandani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

Treni iliposimama, baba alikuwa zamu. "Mmefika?" akapaza sauti. "Na ng'ombe mmemwachia nani?"

"Tumekuja kudai!" kocha alijibu akishuka. "Babu zenu walikunywa maji ya visima vyetu wakakimbia!" Akamvua baba kofia kichwani, akaivaa, akaenda zake. Baba akacheka, angefanyaje.

Siku ya mechi uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya ua wa michongoma. Mgeni rasmi, kiongozi mmoja wa wilaya, alitoa hotuba ndefu kuhusu michezo na kujitegemea, nasi tumesimama juani tunajitegemea kweli kweli. Kisha tukaanza. Na baba naye, mstari wa mbele kati ya wenzake wawili, akaanza.

"Pasi! Mpe pasi! Loo, marehemu angekuwa ameshafunga!"

Nikifunga mimi, alisema marehemu angefunga akiwa mbali zaidi. Nikikosa, hapo sasa mji mzima ulipewa historia ya marehemu toka ubatizo wake. Wachezaji wa Dodoma walianza kuuliza huyo marehemu ni nani na kama amesajiliwa. Mimi nilikuwa nachemka. Niliwahi kumpigia mtu pasi kwa hasira akaanguka nayo.

Ikabaki dakika ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi moja. Nikaingia na mpira, nikakutana na dada mmoja wa Dodoma mwenye viwiko kama mpini wa jembe, nikajikuta chini. Refa akapuliza, nikapewa mitupo miwili. Wa kwanza ukaingia. Tukalingana. Uwanja ulilipuka.

Nikapokea mpira kwa mtupo wa pili, nikavuta pumzi, nikanyanyua mikono. Mpira ukaondoka. Sikuwa nimeurusha mimi. Kocha wa Dodoma alikuwa ameingia uwanjani na kofia ya baba kichwani, ameuchomoa mikononi mwangu kama anachuma papai.

"Huu ni wangu," alisema. "Ni ushuru wa maji."

Watu wakaangua kicheko. Refa, mwalimu kutoka Bukoba asiye na mtani yeyote uwanjani pale, alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamtoka shingoni. "Kanuni za mpira wa kikapu hazina utani!" alifoka.

"Nitaurudisha," kocha alisema, "kwa sharti moja. Yule mtani wangu amepiga kelele na marehemu wake toka tuanze. Aje arushe yeye. Tumwone huyo bingwa wa zamani."

Uwanja ukadaka hapohapo: "Mzee! Mzee! Mzee!" Mgeni rasmi alikuwa anacheka huku anajifuta machozi. "Ndugu refa," akasema, "mwache mzee arushe mmoja tufurahi. Hautahesabiwa."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Ule ulikuwa mtupo wangu! Nilianguka chini kwa ajili yake, goti linatoka damu, halafu mtu anakuja kuuchukua tena mbele ya mji mzima, na mtu mwenyewe ni baba yangu. Nilimfuata nikamwambia kwa sauti ya chini: "Baba, nakuomba, rudi ukakae."

Hakunisikia. Hakuwa baba yangu wakati ule, alikuwa kijana wa misheni. Alivua koti akampa mwenye duka. Akakunja mikono ya shati, kisha suruali, hadi tukaona magoti ambayo hata mama sidhani kama aliyaona mchana.

"Wallahi anaingiza huyu, mtaona!" mwenye duka aliwatangazia watu.

"Hachuchumai vizuri," alisema tarishi.

Baba alirusha kwa mtindo wao wa zamani, mikono miwili, mpira unatoka katikati ya magoti kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea. Alichota, akamwaga. Na mpira ulikwenda, sisemi haukwenda. Ulipita juu ya pete, ukapita juu ya ubao, ukapita juu ya michongoma na watu waliokuwa juu yake, ukatokomea upande wa pili. Kisha tukasikia sufuria ikigonga mawe.

"Nani huyo mwenye wazimu?" ilitoka sauti ya mwanamke.

Akatokea mama mmoja kwenye pengo la ua. Mkono mmoja mpira unachuruzika kisamvu, mkono mwingine mchi. "Mwenyewe nani?" aliuliza. Mji mzima, pamoja na mgeni rasmi na ulinzi wake, ulitazama chini kwa heshima. Kisha mtu mmoja akashindwa kujizuia, na hapo watu walicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka juu ya ua. Kocha wa Dodoma alikaa chini kabisa uwanjani, anapiga ardhi kwa kiganja.

Baba alibaki pale kwenye mstari, suruali imekunjwa, anatazama mikono yake, upande huu na upande ule. Hakuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa anaitazama tu. Hasira yangu yote ikaniishia. Nilimwonea huruma baba yangu, na nikawachukia wote waliokuwa wanacheka, mimi ambaye siku nyingine ningecheka kuwazidi.

Nilichukua mpira kwa yule mama, nikamwomba radhi, nikaufuta kwa fulana yangu. Ulinuka karanga. Nikarudi kwenye mstari. "Baba," nikasema, "nipishe kidogo."

Akapisha hatua moja, akasimama nyuma yangu, na refa kwa uchovu akamwacha hapohapo. Nikarusha. Mpira uligonga pete, ukapanda juu, ukaizunguka kana kwamba unaulizia njia, ukaingia. Dodoma walikuwa na muda wa kurusha mara moja tu, wakakosa. Tukashinda. Kocha akaja kunipa mkono, akasema mpira wa kisamvu haujawahi kuonekana Ugogo na atakata rufaa, akaondoka na kofia ya baba hadi leo.

Dar es Salaam tulikwenda. Tulifungwa vibaya, tena mapema, na sitaki kuulizwa zaidi.

Nyumbani, tangu mechi ya Dodoma, baba alikuwa kimya. Wiki nzima alikwenda kazini na kurudi, akila anasema asante, akilala anasema usiku mwema, basi. Nilimwambia mama aseme naye, mama akasema mwache, anahesabu mifupa yake. Jumapili wenzake walikuja kama kawaida. Mwenye duka alileta visheti, jambo ambalo si kawaida yake, na wakakaa wanasikiliza redio kwa adabu kama watu waliofika msibani. Mimi niliwaletea kahawa, na asali nikairudisha.

Redio ikasoma matokeo. Mwenye duka akakohoa. "Hawa," alianza kwa tahadhari, "wanakosa mtu wa kutulia. Mtu wa mitupo." Akanitupia jicho. "Mimi naona, badala ya marehemu, tumweke binti."

Nikasimama na sinia langu. Hata tarishi hakubisha. Wote tulimtazama baba.

"Hapana," baba alisema. "Huyu hawezi kuwa kwenye timu yetu."

Sikuweza tena. "Hata sasa, baba?" nikapaza sauti, majirani na wasikie. "Nimefanya nini mimi? Nirushe kutoka wapi ndipo unione? Nife kwanza?"

"Kaa chini," alisema. Sikukaa. Akaweka kikombe, akajifuta mdomo taratibu. "Wiki nzima nampanga huyu kichwani mwangu," aliwaambia wenzake, kama vile sipo. "Nimemweka kati, nimemweka pembeni. Haiwezekani. Mpira atapewa na nani? Na mimi? Mliniona. Na wewe, mwenye duka? Wewe pasi ulikuwa unatoa huku umefumba macho, leo niseme. Tarishi alikuwa akipata mpira anasimama abishane nao kwanza. Na marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mrefu tu. Mbio hakuwa nazo." Akanigeukia. "Binti yangu, tungekuchelewesha."

Nilingoja wabishe. Tarishi alitazama kahawa yake. Hakuna aliyemtetea marehemu. Wote watatu walininyooshea vikombe, nami nilikuwa nimesimama na furaha yangu, nimesahau hata kumimina.