Kazi ya Pili ya Shemeji Hamidi

Barazani kwa Bwana Yunusu kulikuwa na mizani, magunia ya chumvi na ubishi. Duka lilifungwa mchana watu wakale, ubishi haukufungwa. Mimi nilikuwa nikiishi kwa dada yangu Zaitun, ukuta kwa ukuta na baraza hilo, kwa hiyo nilijifunza kriketi bila kutaka, kama mtu anavyojua magonjwa ya jirani yake.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado yuko bomani, na Sumbawanga ilikuwa na timu ya wenye maduka, madereva na mafundi. Kila mwaka, baridi ilipokaza, walicheza na timu ya Abercorn, ng'ambo ya mpaka. Mchezo wenyewe si mgumu hivyo, ingawa wanaume wanapenda uonekane mgumu. Mmoja anarusha mpira wa ngozi, mgumu kama jiwe, aangushe vijiti vitatu. Mwingine amesimama mbele ya vijiti na gongo, anavilinda. Wengi wanaijua kazi moja tu. Anayezijua mbili ndiye anayegombaniwa, na juu ya hao ndipo mishipa ya shingo ilipokuwa inawatoka pale barazani.

Bwana Yunusu, nahodha wao, alikuwa na kipimo chake. "Kazi ya kwanza ya mtu hata kipofu anaiona," alikuwa akisema. "Mnyang'anye hiyo. Kilichobaki kingempa nafasi kwenye timu? Kama hakingempa, basi huyo hana kazi mbili. Ana moja, na nyingine anajifurahisha."

Wakawapima wote. Oswaldi, seremala kutoka Mpui, kazi yake ya kwanza ilikuwa kurusha kwa kasi. Ya pili ilikuwa gongo, nalo alilishika kama jembe, akaupindua mpira kama Mfipa anavyopindua majani na udongo kufanya tuta. Mpira wa kwanza uliangukia shambani kwenye ulezi, wa pili vilevile, wa tatu vijiti viko chini. Bwana Yunusu mwenyewe alipiga vizuri, na kazi yake ya pili ilikuwa kudaka. Alidaka kila kitu isipokuwa kilichomjia wakati anaongea, na mdomo wake haukuwa na likizo.

Kisha alikuwapo shemeji yangu Hamidi, mume wa Zaitun. Kwa gongo hakuwa na mfano. Hata Wazungu wa Abercorn walimpigia makofi, tena bila kulazimishwa. Kazi yake ya pili ilikuwa kurusha mpira wa polepole, wa kusokotwa kwa vidole, ambao ukigusa ule mkeka wa makumbi walioutandika katikati ya uwanja ulikata kona. Barazani waliuita uji wa mgonjwa. Hamidi alicheka nao. Kwa nini asicheke? Gongo alikuwa nalo.

Alikuwa dereva wa lori. Alikwenda Kipili kuchukua dagaa na kurudi akinuka, na dada yangu alimpenda na harufu yake. Asubuhi za Ufipa wakati wa baridi si za mchezo, na lori halikuwaka mpaka lizungushwe hendeli kwa mbele. Zaitun akamwonea huruma. Akamfumia glavu za sufu, nzito, vidole vinne chumba kimoja na gumba chumba chake. Alizifuma kwa siri, na siku alipompa, Hamidi alizivaa mpaka mezani, akawa anashindwa kumega ugali. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Sasa, dereva anayezungusha hendeli hulaza gumba upande mmoja na vidole vingine. Injini ikikataa, hendeli hurudi kwa nguvu, na mkono uliolazwa hivyo huteleza ukaachia. Hamidi alilijua hilo kuliko jina lake. Lakini gumba likiwa ndani ya sufu nene halilali. Lilikaa upande wake peke yake, limekumbatia chuma. Alizungusha kwa mkono wa kushoto, injini ikakohoa, hendeli ikarudi. Tuliusikia mfupa tukiwa jikoni.

Hospitali waliikata ile glavu kwa mkasi, maana mkono ulikuwa umevimba. Wakamfunga plasta. Mfupa uliunga, lakini kifundo cha mkono hakikujikunja tena. Usukani aliumudu. Gongo linataka mikono miwili iliyo hai, na yeye alibakiwa na mmoja na nusu.

Hamidi hakusema neno juu ya glavu, hata siku moja. Lakini dada yangu alijisemea mwenyewe yote ambayo mumewe hakuyasema. "Mimi ndiye niliyemvunja, Ashura," aliniambia. Aliichukua glavu ya kulia, akaifumua yote, uzi akauviringa akautupa chini ya kitanda. Ya kushoto aliitafuta aichome moto, hakuiona. Tukadhani imebaki hospitali.

Abercorn walipokaribia kuja tena, Bwana Yunusu alifika nyumbani. Alikaa, akanywa chai, akakosa la kusema, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Sema tu, Bwana Yunusu," Hamidi akamwambia. "Kipimo ni chako."

"Wenzangu wanasema nafasi yako apewe mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema uje uwanjani na uji wako. Ukinitia aibu, basi, yaishe."

Alipoondoka, dada yangu alikuwa amejishikilia kwenye kizingiti. Nilijua anachowaza. Hamidi akikosa timu, litakuwa jambo la pili ambalo glavu alizofuma yeye zimemnyang'anya mumewe, na hili litakaa naye maisha yake yote.

Kesho yake alasiri alitoka uani na mwiko wa kusongea ugali, ule mkubwa wa sherehe. Akasimama mbele ya chungu kilichopinduliwa.

"Rusha," akamwambia mumewe.

"Mama Kulsumu, utaumia."

"Nimesema rusha."

Basi ndivyo ilivyokuwa kila aliporudi safari. Yeye anarusha, dada yangu na mwiko, mimi nafukuzia mpira kwenye kuku, na mtoto wao Kulsumu mgongoni kwangu anapiga kelele za furaha. Zaitun hakuwa amekanyaga uwanjani hata mara moja, lakini mwanamke anayeishi na mtu anamsoma. "Huu nimeuona tangu ukiwa mkononi," alikuwa akisema. "Ukitaka kuusokota kulia, unauma mdomo." Hamidi akajifunza kutouma mdomo. "Bega lako limesema kabla yako." Akalinyamazisha bega. Polepole, mwiko ukaanza kupiga hewa. Siku chungu kilipopasuka, dada yangu alishangilia kama amezawadiwa doti ya khanga, na chungu chenyewe kilikuwa chake.

Siku ya mchezo alisema anakwenda. Nilimwuliza anakwenda kufanya nini miongoni mwa wanaume wote wale. "Kuangalia mdomo wake," akajibu. Tukakaa ndani ya lori kando ya uwanja, tumejifunika, upepo unapiga vioo.

Hamidi alipopewa mpira, alitia mkono mfukoni akatoa kitu akakivaa mkono wa kushoto, ule mbovu, ambao baridi ilikuwa inautafuna. Dada yangu aliinama mbele mpaka paji la uso likagusa kioo. Ilikuwa glavu ya kushoto. Ilikuwa imeshonwa pale ilipokatwa, kwa uzi wa turubai, mishono mikubwa ya kupishana, kama mtu aliyeziba gunia la mahindi. Hakuna fundi ambaye angekubali kuitwa mwenye mshono ule. Ilikuwa kazi ya Hamidi mwenyewe, na sindano yake ya turubai.

Mwamuzi, Mzungu mmoja mtaratibu, alimwambia hairuhusiwi. Mrushaji havai glavu. Hamidi hakubishana. Aliivua, akaikunja, akampa amshikie. Yule Mzungu akaitia mfukoni mwa koti lake kwa adabu kabisa.

"Alikuwa nayo siku zote," Zaitun akasema. Kisha akalia, na mimi nikalia, na vijiti vya kwanza vikaanguka tusivione.

Vingine tuliviona. Uji wa mgonjwa uliwashinda Abercorn. Waliukimbilia, ukachelewa. Waliungoja, ukakata kona. Oswaldi, aliyekuwa akirusha kutoka upande wa pili, alisahau kasi yake akawa anacheka tu. Nisiongeze chumvi: tulishindwa. Hamidi aliingia wa mwisho na gongo, akilishika kwa mkono mmoja, na mpira wa kwanza tu ukamla, vijiti chini. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyompenda shemeji yangu kuliko siku zote, akitembea kurudi bila kuharakisha, bila kutafuta pa kuficha uso.

Wengine walikimbilia chai. Yeye alikwenda kwanza kwa mwamuzi kudai glavu yake. Bwana Yunusu akamfuata nyuma. "Jumapili mazoezini usichelewe," akamwambia, na ubishi ule ukaishia hapo.

Alikuja mpaka kwenye lori ameivaa. Dada yangu alifungua mlango, akaushika ule mkono, akaugeuzageuza.

"Mshono gani huu?" akasema, macho bado mekundu. "Nipe niufumue nikushonee kama watu."

"Huu usiuguse," Hamidi akasema. "Nifumie ya kulia. Nimeitafuta nyumba nzima."

Jioni ile Zaitun alipiga magoti, akautoa ule uzi chini ya kitanda akaupangusa vumbi. Alianza kufuma palepale sakafuni, uzi uleule. Ilipokwisha nilimwona Hamidi akiijaribu. Kidole gumba kilikuwa kimeachiwa tundu, kikatoka nje chenyewe.