Mwongozo wa Nchi Isiyokuwepo

Kwa miaka mitatu nilimsumbua rafiki yangu kwa jambo moja: aandike kitabu cha nchi ambayo haipo.

Nchi hiyo ilikuwa ya mchezo wetu. Tulikuwa watu wanne, na tulikutana Jumapili baada ya ibada kwenye nyumba ninayopanga Gihundwe: mimi, muuguzi jirani yangu, fundi kutoka Muganza ambaye alikuja zamu yake ilipomruhusu, na huyo rafiki, Mkongomani aliyevuka mto kutoka Bukavu na jeton mfukoni, kile kikaratasi cha kuvukia mpaka. Yeye ndiye aliyekuwa mwongozaji. Sisi watatu kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kubuni, sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Yeye alitueleza tunachokiona mbele yetu, sisi tukasema tunafanya nini, na dadu zikaamua kama tumefaulu. Mimi nilikuwa mganga. Muuguzi, mama wa kwaya, alikuwa mwizi, na aliiba kwa moyo wote.

Nina tabia moja ambayo wengine huiita ubishi: sipendi kuingia mahali nisipopajua. Rafiki yangu akisema tumefika kwenye mji, mimi nilitaka kujua mji una milango mingapi, soko ni siku gani, chumvi inatoka wapi, nani anafagia barabara, na mgeni anamsalimu nani kwanza.

"Dada, joka iko inakuya, weye unauliza choo iko wapi!" fundi alinicheka.

"Ukibanwa utaiuliza na weye," nilimjibu.

Kwa hiyo nilitaka kitabu. Kila mji, watu wake na desturi zao, kila njia ya mlima, vyote viwe vimeandikwa ili niweze kuvisoma nikiwa kitandani na kuijua nchi ile kama mwenyeji. Rafiki yangu alicheka na kujigonga kichwa kwa kidole.

"Yote iko humu, dada. Siku moja nitaandika. Na weye njo utakuwa wa kwanza kusoma."

Ahadi ni deni. Nikangoja.

Wakati nangoja nilimpa kitu changu. Mimi nilizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, na tukarudi huku kwao nikiwa msichana wa miaka kumi na tano. Kabla ya hapo tulikuwa tunavuka kumsalimu nyanya kule Nyakarenzo, na papa, yaani baba yangu, alikuwa na sheria yake. Upande wa Bukavu tuliongea Kiswahili. Tukifika katikati ya daraja la mpakani alikohoa kidogo, na sote tukahamia Kinyarwanda, hata kama sentensi ilikuwa haijaisha. Wakati wa kurudi, vivyo hivyo. Alisema ukiingia kwa watu, hodi yako iwe kwa lugha yao. Sikuwahi kumsimulia mtu jambo hilo. Shuleni Bukavu niliitwa Mnyarwanda, na nilipofika huku nikaitwa Mkongomani, kwa hiyo nilijifunza mapema kutotaja madaraja.

Rafiki yangu nilimsimulia siku moja nikimsindikiza mpakani. Alisimama katikati ya njia.

"Hiyo ni kitu ya muzuri sana, dada. Naweza kuiweka mu muchezo?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Hivyo ndivyo walivyozaliwa Watu wa Kilima, ambao hubadilisha ulimi katikati ya daraja kwa heshima ya wenyeji, na mganga wangu akawa mmoja wao.

Kazi yangu ni kwenye duka la fotokopi hapa Kamembe. Kulikuwa na Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo maduka yote hufungwa asubuhi watu wafanye kazi za mtaa. Tulikuwa ndiyo kwanza tumefungua alipoingia maman mmoja mfanyabiashara kutoka Bukavu, beseni tupu kwapani, na ndani ya beseni bahasha nene.

"Mutoto ya kaka yangu amenituma kwa ile duka ya karibu na hospitali, nakuta imefungwa. Banasema patron ya duka iko bado mu réunion."

"Leo ni umuganda, Maman. Baada ya kazi kuna mkutano."

"Ah! Yeye hakukumbuka. Kwetu hakuna hiyo. Unifanyie copie tano na uzifunge muzuri. Kule kwetu courant ya umeme inakatikaka kila saa."

Nilifungua bahasha nikaona mwandiko ninaoujua kama wangu. Kilikuwa ndicho kitabu. Nilitaka kuruka. Nilijiambia, kumbe anatuandalia zawadi, ndiyo maana ameficha, ndiyo maana hakumtuma kwangu!

Nikasoma nimesimama, mashine ikipata moto. Milango ya mji ilikuwa sita. Soko lilikuwa siku ya tatu baada ya mwezi kuandama. Chumvi ilitoka kwenye ziwa lililokauka, na barabara zilifagiwa na wajane, ambao kwa malipo walipewa haki ya kusalimiwa kwanza. Kila swali nililowahi kuuliza lilikuwa limejibiwa, na limejibiwa vizuri. Machozi yalinilengalenga. Kisha nikafika kwenye ukurasa wangu.

"Watu wa Kilima hubadilisha ulimi katikati ya daraja. Wao husema ni heshima. Ni wapelelezi. Kila upande wana bwana. Usiwape siri." Na chini, kwa wino mwekundu: "Hii ni ya meza yetu. Wa ng'ambo wasioneshwe."

"Maman, hizi kopi ni za nani?" niliuliza.

"Za barafiki yake ba kwetu. Banachezaka kila siku ya tano."

Kumbe ana meza nyingine, ya Ijumaa. Kumbe wa ng'ambo ni sisi, tuliomwekea kiti kila Jumapili. Ninajua maneno ya miaka hii, watu wa huku na wa kule wanavyopimana kwa macho. Lakini hayo ni maneno ya barabarani. Yeye nilimpa daraja la papa mkononi mwake. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hivyo hawakukosea. Nilihisi nimevuliwa nguo sokoni.

Nilitoa kopi tano. Sikuruka ukurasa. Nilizifunga vizuri, nikazirudisha kwenye bahasha, na maman yule akanibariki akatoka.

Jumapili rafiki yangu alikuja kama kawaida. Alitania, akala karanga zangu, akapanga dadu zake. Nilimtazama vidole nikitafuta wino mwekundu, kama mjinga.

"Mumefika ku daraja," alianza. "Mulinzi anamuuliza muganga: weye unatoka wapi?"

Kwa miaka mitatu, nyumbani kwangu, upande huu wa mto, sisi watatu tuliongea Kiswahili kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua Kinyarwanda. Hakuna aliyetuagiza. Alikuwa mgeni wetu, na karibu nayo ni kwa lugha ya mgeni, hivyo ndivyo nilivyoielewa sheria ya papa.

Nilikohoa kidogo.

Kisha nikawageukia muuguzi na fundi, na kwa Kinyarwanda nikawaeleza yote: bahasha, meza ya pili, ukurasa, wino. Niliongea taratibu, sikukasirika kwa sauti. Muuguzi aliweka karanga chini. Fundi akauliza swali, nikamjibu, kwa Kinyarwanda vilevile.

Rafiki yangu alitutazama mmoja mmoja huku akitabasamu, akingoja tumtafsirie.

"Dada," alisema mwishowe, "munasema nini? Mbona munanificha?"

Nikaona macho yake yakibadilika. Hakujua nimekisoma kitabu. Alichokiona ni sisi tunaongea siri mbele yake kwa ulimi asioujua, na alikitambua, kwa sababu alikuwa amekwisha kukiandika. Nilitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo kamwe, hata siku moja kabla ya leo. Lakini ningelazimika kumwambia kwa Kiswahili, na sikuweza kurudi katikati ya daraja.

Alikusanya dadu zake akaondoka, na siku hiyo sikumsindikiza.