Kidole cha Shangazi

Shangazi hakuacha kugusa vitu kwa kidole cha shahada: birika, redio, hata paji la uso la mgeni. Kazi yake ilikuwa kupima chipu zinazogeuza mawimbi ya umeme kuwa tarakimu, mamilioni ya mara kwa sekunde, huku zikila umeme kiduchu. Inayopata moto, alisema, ni mlafi. Maabara ilijaa mitambo, lakini bosi aliamini kidole kwanza.

Siku wanunuzi walipokuja, ajira ya chumba kizima ikingoja sahihi yao, Shangazi aligusa chipu mpya, uso ukamchanua.

"Baridi kuliko salamu za wifi yangu."

Mnunuzi mmoja, mzee mpole, akainama chini ya meza. "Mama, waya wake huu hapa. Haujachomekwa."

Bosi akafumba macho.

"Basi mmeshuhudia," Shangazi akasema, "ikilala haili kitu. Sasa tuiamshe."

Akachomeka waya, akaweka kidole juu ya chipu na kukiacha dakika kumi nzima, tarakimu zikimiminika kwenye skrini. Jasho lilimtoka yeye, si chipu. Wanunuzi wakatia sahihi.

Binti wa kaka yake alimcheka kwa sababu ya waya ule kwa miaka ishirini. Mara ya mwisho alipokwenda kumwona hospitalini, cheko lilimkauka. Alikaa kando ya kitanda. Shangazi akanyoosha kidole kilekile, akamgusa mkono.

"Baridi hivi," alisema. "Umeundwa vizuri, mwanangu, au hujachomekwa?"