Kituo cha Kisimani

Watu wengi wa Korogwe wanamjua Rukaya Muhsin kama yule dada wa fotokopi, mwenye kibanda cha bluu kando ya barabara ya kwenda stesheni. Mimi Loyce, ninayeshona sare za shule kwenye kibanda kinachofuata, namjua kama mtu anayegombana na simu. Huu ni mwaka wa pili namsikia akiisonya, akiisema kwa Kizigua na kuilaza kifudifudi mezani. Mteja akija anaambiwa asubiri kwanza, dada anamalizana na Joseph.

Huyo Joseph simjui sura. Yuko Dar es Salaam, kwenye kikundi cha watu wa kujitolea, na kazi yake ni kukagua yale ambayo wenzake wa mikoani wanaweka kwenye ramani ya simu. Kikundi chao kilikuja Korogwe mara moja tu. Kilikaa siku mbili, kikagawa fulana, kikafundisha watu ishirini namna ya kuweka vituo vya mabasi, njia yanazopita na milango ya stesheni za reli, ili msafiri ajue apandie wapi na aingilie wapi. Baada ya mwezi mmoja, kati ya wale ishirini walibaki watatu. Baada ya miezi mitatu alibaki Rukaya na fulana yake.

Nilimwambia anapoteza muda. Nilimwambia sisi Wasambaa hatuna haja ya ramani, tunauliza njia na tunafika, ni Wazigua ndio wanaopotea wakiwa uani kwao. Huo ndio utani wetu wa kila siku, na kwa kawaida hanikawizii jibu. Siku hiyo hakujibu utani. Alisema anafanya kwa ajili ya shangazi yake.

Shangazi ni Bi Chausiku wa Sindeni, upande wa Handeni, ndugu wa baba yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Nyonga ya kulia ya Bi Chausiku imeharibika. Anatembea kwa fimbo, hatua ishirini anapumzika, hatua ishirini anapumzika. Madaktari walimpangia upasuaji Moshi, ambako ameolewa binti yake Maryamu, na tarehe yenyewe ilipatikana baada ya kungoja miezi saba. Basi kubwa haliwezi, maana kukaa saa nyingi amekunja mguu ni mateso. Pikipiki alikatazwa kabisa. Ilibaki treni, ambamo angelala njia nzima mpaka Maryamu ampokee. Kwa hiyo Rukaya alikuwa na swali moja: mtu asiyeweza kupanda ngazi wala kutembea mbali atatokaje Sindeni mpaka aingie ndani ya behewa? Alitaka jibu lake likae kwenye ramani, kwa shangazi yake na kwa kila mwenye mguu wa namna ile.

Alianzia stesheni. Mbele kuna ngazi. Ubavuni, karibu na ghala la mizigo, kuna mlango mpana usio na kizingiti, unaopitishwa matoroli, na siku za treni wazee na akina mama wenye watoto mgongoni hupitia hapo. Hapa mjini hakuna asiyeujua. Rukaya akauweka kwenye ramani. Joseph akaufuta, akasema kwenye picha ya kutoka angani yeye anaona paa tu. Rukaya akaurudisha. Ukafutwa tena, safari hii kwa maelezo kwamba mlango wa mizigo si mlango wa abiria.

Siku hiyo alikuja kibandani kwangu. Alisema mtu amekaa Dar, anautazama mlango wetu kutokea mawinguni, hajui hata unafunguliwa siku gani, halafu anamfundisha yeye anayepita pale kila siku ya Mungu. Mimi nilikuwa naweka pindo kwenye sketi, nikamwambia aachane nao, hawamlipi hata vocha. Akasema si vocha. Anachotaka ni aaminiwe, mara moja tu.

Basi tukauvalia njuga ule mlango. Rukaya aliandika barua kuomba ruhusa ya kupiga picha, akasubiri, akaulizia, akasubiri tena, mpaka akaruhusiwa. Tukaenda na futi yangu ya kushonea. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine, wapagazi wakituuliza kama tunaushonea mlango suruali. Sentimita mia moja na arobaini. Akapiga picha futi ikiwa imenyooshwa, akaituma, na kwa wiki tano Joseph hakusema neno kuhusu mlango.

Katika wiki zile zile aliweka na njia ya basi. Rukaya hufunga kibanda kila Alhamisi kwenda kwao, kwa sababu Alhamisi ni siku ya gulio la Sindeni. Anamwona shangazi, ananunua kunde, anarudi. Akapanda ile kosta inayokwenda vijiji vya ndani, simu mkononi, ikimwandikia njia tangu stendi. Kosta ilipofika njia panda ikashuka bondeni, ikapita Kisimani, ikapakia mahindi, mbuzi na watu, ikazunguka kuelekea gulioni. Rukaya akaweka kituo pale pale Kisimani, dakika chache tu kutoka mlangoni kwa shangazi yake. Alirudi mjini ana furaha, jambo ambalo kwa mambo ya ramani sikuwa nimezoea kuliona.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu. Joseph aliiona ile njia akatuma swali fupi. Aliuliza kama basi hupita Kisimani siku zote. Swali lilifika wakati Rukaya bado anangoja jibu la mlango wake uliofutwa mara mbili. Alikuwa amechemka, na mimi nikachochea moto. Nikamwambia huyu mpe lake leo. Jibu tuliliandika wawili, yeye akibonyeza, mimi nikitia chumvi.

"Mimi nimezaliwa Sindeni," tulimwandikia. "Usinifundishe basi la kwetu."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri nakala za cheti akacheka naye bila kujua kinachotuchekesha. Joseph alijibu kwa adabu, akaomba radhi, akaweka alama ya kijani kuonyesha kwamba njia imethibitishwa. Rukaya alinionyesha ile alama mara tatu.

Siku ya safari ilikuwa Jumatatu. Treni ilitazamiwa kupita Korogwe saa mbili usiku. Kosta ya asubuhi ingemleta Bi Chausiku mapema mno, ashinde amekalia nyonga mbovu, kwa hiyo walikubaliana apande ile ya saa tisa alasiri. Jumapili Rukaya alimpigia simu. Alimuuliza kama mzigo umefungwa, akaambiwa umefungwa. Alimuuliza kama kituo anakijua, akaambiwa anakijua. Konda wa kosta, kijana anayeitwa Salimu, naye aliombwa amtupie jicho mama mwenye fimbo na amkalishe kiti cha mbele. Mimi nilitoa godoro langu la sponji ili alitumie kwenye bajaji kutoka stendi mpaka stesheni.

Saa kumi na moja tulikuwa stendi, na bajaji ilishaandaliwa. Kosta ikaingia, watu wakashuka, mabeberu wawili wakashushwa kutoka kwenye keria. Bi Chausiku hakuwamo. Rukaya alipanda mwenyewe akaangalia mpaka kiti cha nyuma kabisa. Salimu akasema alisimama Shuleni, kituo cha juu, na kupiga honi mara tatu, akasubiri mpaka abiria wakaanza kunung'unika.

"Kisimani je?" Rukaya aliuliza.

"Kisimani Alhamisi, dada," Salimu alisema. "Leo gulio hakuna, nikafuate nini bondeni? Si unajua mwenyewe."

Alijua. Hilo ndilo linalouma. Hakuna mtoto wa Sindeni asiyejua kwamba basi hushuka Kisimani siku ya gulio tu, na siku nyingine hupita juu, Shuleni. Wanajua tangu wangali wanabebwa mgongoni, na kwa sababu wote wanajua, hakuna anayelisema. Rukaya hakudanganya alipoweka kituo kile. Hakuona tu kama kuna cha kueleza, sawasawa na mtu asivyoeleza kwamba usiku kuna giza.

Tulipiga simu, haikupatikana. Nyumbani kwake mtandao unashika, bondeni pale haushiki. Tukakodi Probox, dereva akakanyaga mafuta, lakini mvua ya Jumamosi ilikuwa imeiharibu barabara ya ndani na mara mbili tulishuka kusukuma. Tulimkuta Bi Chausiku njiani, giza limeingia, anarudi nyumbani hatua ishirini ishirini, jirani amembebea begi. Tukamlaza kiti cha nyuma. Kila shimo aliuma kanga yake asipige kelele, na dereva akawa anapunguza mwendo kwa huruma, nami nikawa nautazama mshale wa saa ya Probox nikimchukia dereva kwa huruma yake. Tulipofika stesheni, ule mlango mpana ulikuwa wazi. Treni ilikuwa imeondoka dakika ishirini zilizopita.

Treni iliyofuata isingeiwahi tarehe, na nafasi ya upasuaji alipewa mgonjwa mwingine, kama ilivyo kawaida. Maryamu alihangaika na simu siku mbili, akapewa tarehe nyingine: miezi mitano mbele. Bi Chausiku alilala kwa Rukaya usiku mmoja, akasema mashamba hayangoji, akarudishwa Sindeni.

Rukaya alirekebisha kituo kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua kibanda. Akamwandikia Joseph kwamba alikosea. Joseph akamjibu "pole, hutokea", na kwa neno hilo Rukaya alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika kwa kufutiwa mlango. Alitaka atukanwe. Mimi pia nilitaka, maana lile jibu la kejeli bado lilikuwa pale kwenye simu, linasomeka, na chumvi ilikuwa yangu. Nyani haoni kundule: tulimcheka mtu wa Dar kwa kutojua siku ambayo mlango unafunguliwa, nasi tukamnyima siku ambayo basi linapita.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo mlango ukakubaliwa. Alama ya kijani, picha ya futi yangu, pongezi kutoka kwa kikundi kizima. Rukaya aliizima simu akaendelea kutoa nakala za vyeti vya watu.

Alhamisi iliyofuata alikataa kwenda gulioni. Alisema ana kazi nyingi, na kazi yenyewe sikuiona. Basi gulio likamfuata. Saa sita hivi Salimu alisimamisha kosta mbele ya vibanda vyetu, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote, akamshusha Bi Chausiku taratibu, pamoja na mfuko wa kunde. Nilimwamkia, nikamtandikia lile godoro la sponji juu ya majora ya vitambaa, akajilaza kwa ubavu mzima. Rukaya alisimama mlangoni mwangu kama mtu aliyekuja kudaiwa. Alisema shikamoo, macho kwenye mfuko wa kunde.

Nikaona hawa wawili wataniharibia siku. Nikamuuliza Bi Chausiku mwenyewe, kwa heshima zote, ilikuwaje mtu aliyepanda basi lile miaka arobaini akalisubiri Kisimani siku ya Jumatatu.

"Mwanangu, nilijua halipiti," alisema. "Maryamu alinipigia Jumapili, akaniambia kwenye simu limeandikwa linapita Kisimani. Nikamwambia Jumatatu halishuki. Akasema mama, aliyeandika ni dada Rukaya. Basi nikanyamaza. Nikasema labda wamebadilisha, maana Rukaya hawezi kuandika kitu kisichokuwepo."

Alilisema hilo bila lawama, anachambua kunde zilizomwagika kwenye kitambaa changu. Akaeleza kwamba honi aliisikia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza, akaisikia ikipigwa kule juu, Shuleni, mara tatu. Hata hivyo akaendelea kukaa, kwa sababu aliona aibu kumwonyesha mtoto kwamba hamwamini.

Rukaya alikaa chini, kwenye vipande vya kaki, akajifunika uso kwa mtandio. Miaka miwili mizima alitaka mtu mmoja tu aiamini ramani yake. Wapagazi walimcheka, Joseph alimfuta, mimi nilimtania. Aliyemwamini alikuwa mmoja, na alimwamini kuliko masikio yake mwenyewe.

Bi Chausiku alimwacha alie. Kisha akachomoa kwenye pindo la kanga karatasi ya hospitali, akanipa nisome. Nikamsomea tarehe. Nikahesabu kwenye kalenda yangu ya ukutani, nikaona ili aifikie itampasa asafiri Jumatatu.

"Haya, Rukaya," alisema. "Siku hiyo nikasimame wapi?"

Rukaya alifunua uso. Jibu alilijua, mimi nililijua, na mwenye kuuliza alilijua kuliko sisi sote.

"Usisimame popote, shangazi," alisema. "Nitakuja nyumbani."