Kwato Zilizoingia kwa Wakwe

Nilikuwa hodari wa kufuata nyayo, na sitajifanya mnyenyekevu hapa. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa polisi wa akiba nje ya Kitale, upande wa kwenda Tongaren: siku nyingi mkulima wa mahindi, siku nyingine mtu wa bunduki ya serikali, bila mshahara. Wazazi wangu walikuwa wamehamia huko kutoka Nyeri. Majirani walinitania kwamba nasoma matope kama wenzangu wanavyosoma gazeti.

Asubuhi moja ya mvua, jirani yangu mjane alikuja akilia. Ng'ombe wake wa pekee, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyosomesha watoto, alikuwa ameibwa. Nilimjua ng'ombe huyo. Kwato yake moja ya nyuma ilikuwa na ufa ulioonekana kwenye matope. Nikavaa gambuti, nikachukua bunduki, nikamwita mwenzangu wa akiba, tukaondoka.

Sheria yetu haikuandikwa popote. Nyayo zikiingia kwenye shamba lako, ni juu yako kutuonyesha mahali zilipotoka nje tena. Ukituonyesha, tunashukuru na kuendelea. Ukishindwa, ng'ombe tunakudai wewe. Hakuna aliyebishana nayo. Tulivuka hadi Bungoma, wenye mashamba wakitupokea na kutupitisha, mpaka tukafika kwenye ua ambao niliujua vizuri mno. Kwato zilikuwa zimeingia. Nikauzunguka ua wote. Hazikuwa zimetoka.

Ilikuwa kwa wakwe zangu.

Mwenzangu alicheka kwanza, kisha akaona mimi sicheki. Kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Tangu nioe, mama huyo akiniona kwa mbali alijificha jikoni, nami nilipita njia nyingine. Kuingia pale bila kualikwa lilikuwa kosa. Kuingia na bunduki, hata sijui kungeitwaje. Lakini nikigeuka, mjane amepoteza ng'ombe, na kila mtu atajua kwamba sheria yangu inaishia kwa wazazi wa mke wangu. Niliogopa, nasema wazi. Nikampa mwenzangu bunduki, nikasimama langoni, nikapaza sauti.

"Mama, ni mimi mkwe wako. Kuna nyayo zimeingia kwako. Naomba unionyeshe zimetokea wapi."

Halafu mama mkwe akatoka jikoni bila kujifunika uso, akaja moja kwa moja hadi langoni, akanitazama machoni. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

"Hazijatoka," akasema. "Ng'ombe iko hapa nyuma ya jiko. Kijana wangu aliniambia ati amenunua sokoni Misikhu. Sasa ako ndani, amelala."

Mwenzangu akaanza kuingia. Mama akamzuia kwa mkono.

"Hapana. Hamtamfunga mbele ya watoto wa hii boma. Endeni na ng'ombe. Huyu nitamleta mwenyewe."

Mwenzangu alininong'oneza kwamba shemeji yangu angetoroka kabla hatujafika barabarani. Nikamwambia likitokea hilo, lawama ni zangu, yeye afungue ng'ombe. Nilimwamini yule mama kabisa, ingawa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikinisemesha.

Mjane alipomwona ng'ombe wake alimshika shingoni, kisha akainama kutazama ile kwato yenye ufa. Sisi tukaenda kituoni kutoa taarifa. Tulikuwa bado tunaeleza shemeji alipoingia, mikono mitupu, hakuna aliyemshika. Nyuma yake alikuwa mama yake, viatu vimejaa matope, amevaa nguo yake ya kanisani. Akakaa kwenye benchi, akaomba maji.

Mkuu wa kituo akashika kalamu, akaniuliza mshukiwa alikamatwa na nani.

"Na mama yake," nikamjibu.